The King and the Clown: ushindi uliosomwa kombo

Desemba 29, 2025 filamu ya The King and the Clown, ambayo Wakorea wanaiita Wang-ui namja, ilitimiza miaka 20 tangu iingie kumbini. Inasimulia habari za waigizaji wawili wa mwanzoni mwa karne ya 16, Jangsaeng na Gong-gil, wanaotangatanga mji hadi mji wakiishi kwa kamba, ngoma na mzaha, mpaka wanajikuta wakicheza ndani ya kasri mbele ya mfalme Yeonsan. Wote wawili ni wanaume, na wanapendana. Filamu hiyo iliuza tiketi zaidi ya milioni 12 katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 48, ikaweka rekodi ya Korea Kusini kwa miezi kadhaa. Miaka 20 yake imetimia wakati mjadala ulioachwa na tamthilia ya Jeongnyeon haujapoa, na katika mjadala huo filamu hii ya zamani huitwa kutoa ushahidi ambao, kwa maoni yangu, haikuutoa kamwe.

Kwa ambaye hakuufuata mjadala: Jeongnyeon ilirushwa na kituo cha tvN kuanzia Oktoba hadi Novemba 2024, kwa vipindi 12. Inahusu yeoseong gukgeuk, michezo ya jukwaani ya kuimba na kucheza iliyovuma Korea katika miaka ya 1950, ambamo wanawake walishika nafasi zote, za kike na za kiume. Chanzo chake ni katuni ya mtandaoni ya Seo Ireh na Namon. Katika katuni hiyo Jeongnyeon ana mpenzi, msichana aitwaye Buyong, ambaye pia ndiye shabiki wake wa kwanza. Katika tamthilia Buyong hayupo kabisa. Maelezo ya mwongozaji yalikuwa kwamba vipindi 12 ni vichache, na kwamba hadithi ilipaswa kubaki kwa Jeongnyeon na kikundi chake. Wasomaji wa katuni walilalamika, tamthilia ikaendelea, na kipindi cha mwisho kikapata zaidi ya asilimia 16 ya watazamaji, kiwango cha juu sana kwa chaneli ya kulipia. Watetezi wa uamuzi ule wakaona hesabu imefungwa: mapenzi yametolewa na watu wamekuja. Wakaongeza kwamba hata The King and the Clown ilishinda kwa kunyamaza, na hivyo kunyamaza ndiyo njia.

Ninaloshikilia ni kwamba The King and the Clown haikunyamaza. Iliyasema mapenzi ya watu wale wawili kwa lugha pekee waliyokuwa nayo, yaani kazi yao ya jukwaani, na ndiyo maana mamilioni waliyaelewa bila kuambiwa. Katika hadithi ya waigizaji wa jukwaani, mapenzi ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayeyaondoa hapunguzi mahaba ili abaki na sanaa. Anaharibu maelezo ya jinsi sanaa hiyo ilivyokuwa ikifanyika. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake wa dini au wa maadili kuhusu mapenzi ya jinsia moja, nami siombi aubadilishe hapa. Swali langu ni la sanaa na la historia.

Tuanze na chanzo. Gong-gil aliwahi kuishi. Kumbukumbu za utawala wa Yeonsan zinamtaja mara moja, mwishoni mwa 1505: mwigizaji aliyecheza nafasi ya msomi mzee mbele ya mfalme, kisha akasema kwa maneno yaliyochukuliwa kutoka mafundisho ya Confucius kwamba mfalme asipokuwa mfalme na waziri asipokuwa waziri, hata nafaka ikiwepo, yeye atawezaje kuila? Yeonsan aliona amekosewa adabu, akaamuru mtu huyo achapwe na kupelekwa uhamishoni. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alipinduliwa. Basi, hayo tu. Kutoka mistari hiyo michache mwandishi Kim Tae-woong alitunga mchezo wa jukwaani uitwao Yi, uliooneshwa kwanza mwaka 2000, ambamo Gong-gil ni mtu mwenye tamaa ya madaraka na uhusiano wake na mfalme uko wazi zaidi. Mwongozaji Lee Joon-ik alipouchukua mchezo huo alihamisha uzito. Madaraka yakasogea pembeni, na katikati wakabaki waigizaji wawili na kamba yao. Kwa hiyo filamu hii ilizaliwa jukwaani, imetokana na kumbukumbu ya mtu aliyeadhibiwa kwa alichokisema jukwaani, na inawahusu watu wasiokuwa na mahali pengine pa kusemea.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Mwanzoni Gong-gil anauzwa na kiongozi wa kikundi kwa matajiri wanaotaka kulala naye, na wenzake wanaliona jambo hilo kama ada ya kupata chakula cha jioni. Jangsaeng peke yake ndiye anayekataa. Ugomvi huo unaishia kwa kifo cha kiongozi, na wawili hao wanakimbilia Hanyang, mji mkuu. Njiani wanacheza mchezo wa vipofu wawili wanaotafutana kwa kupapasa hewa, kila mmoja akiita kumwambia mwenzake yuko wapi na kumuuliza naye yuko wapi, mpaka wanakumbatiana. Ni mzaha wa barabarani, wa kuchekesha watu sokoni. Saa nzima na zaidi baadaye, Jangsaeng anapochomwa macho kwa amri ya mfalme na kupandishwa kwenye kamba akiwa kipofu wa kweli, anarudia maneno ya mchezo ule ule, na Gong-gil anatoka mbio kupanda upande wa pili wa kamba. Hakuna anayesema "nakupenda". Wanaulizana wangependa kuzaliwa tena wakiwa nani, na jibu ni chale, chale tena, wakutane wacheze pamoja. Mtu aliyeketi ukumbini mwaka 2006 hakuhitaji tafsiri.

Kuna hila nyingine ya uandishi ambayo haipewi heshima yake. Filamu ina wanaume watatu wanaomtaka Gong-gil kwa namna fulani. Kiongozi wa kikundi anamfanya bidhaa. Mfalme anamfanya mtoto wa kubembelezwa, anakaa naye wakicheza vikaragosi usiku kucha, anampa cheo, na anambusu. Jangsaeng hambusu. Anachompa ni nafasi ya kucheza: anamshikia upande wa pili wa kamba, anamtungia michezo, anambishia, na waraka wa kumtukana mfalme unapopatikana katika mwandiko wa Gong-gil, anasimama na kusema ni wake, kwani miandiko yao inafanana. Busu pekee kati ya wanaume katika filamu hii linatoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa asiyeweza kukataa. Lee Joon-ik ameweka alama za mapenzi tunazozizoea mahali ambapo mapenzi ni udhalimu, na ameweka mapenzi yenyewe ndani ya kazi. Huo ni uamuzi uliofikiriwa sana. Kuuita kimya, au woga wa kibiashara, ni kutoutazama.

Na haukutungwa hewani. Vikundi vya namsadang, waigizaji wanaume pekee waliozunguka vijijini mwishoni mwa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, vilikuwa na sanaa sita: ngoma, kuzungusha sahani juu ya fimbo, sarakasi, kutembea juu ya kamba, michezo ya vinyago vya uso na vikaragosi. Watafiti wa mila waliozungumza na wazee wa vikundi hivyo katika karne ya 20 waliandika kwamba wanachama waliishi kwa jozi, mmoja akihesabiwa mume na mwingine mke, na kwamba wanagenzi walivalishwa nguo za kike. Jozi hiyo ilikuwa mpango wa maisha, wa mafunzo, na mara nyingine wa biashara ya mwili pia. Filamu imeuchukua utaratibu wa karne za baadaye ikaurudisha hadi 1505, na mwanahistoria ana haki ya kulalamika juu ya tarehe. Lakini kiini ni sahihi: katika vikundi hivi, aliyekufundisha kamba, uliyelala naye chumba kimoja na uliyempenda angeweza kuwa mtu yule yule. Leo namsadang ni urithi unaolindwa na taifa tangu 1964, na mwaka 2009 uliingia katika orodha ya UNESCO. Anayesema kwamba habari hizi zimeingizwa Korea juzi na utamaduni wa Magharibi abishane kwanza na wazee wale waliohojiwa. Hoja hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na inasikitisha kwamba ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi.

Zipo hoja nzito zaidi. Ya kwanza ni ya wakati. Januari 2006, filamu ikiwa inaendelea kuoneshwa, serikali ya Korea Kusini ilitangaza kupunguza siku ambazo kumbi zinalazimika kuonesha filamu za nyumbani kutoka 146 hadi 73 kwa mwaka, na punguzo likaanza Julai 1. Wasanii waliandamana, na kununua tiketi ya filamu ya Kikorea kukawa na ladha ya uzalendo. Ni kweli, hali hiyo ilisaidia. Haielezi, hata hivyo, kwa nini filamu hii na si nyingine zilizokuwa kumbini miezi hiyo, wala kwa nini walizuka mashabiki walioirudia tena na tena.

Hoja ya pili ni ya uso wa Lee Joon-gi. Kijana huyo aliyemcheza Gong-gil hakuwa anajulikana sana, na ndani ya wiki chache alikuwa kila mahali. Tangazo lake la juisi ya komamanga bado linakumbukwa na Wakorea wa rika lile. Wanaosema watu walikwenda kuangalia uzuri wa mvulana, si mapenzi yake, wana kitu mkononi. Soko lilimchukua Gong-gil likamgeuza mtindo wa kuuzia vipodozi na nguo. Lakini soko lilifanya hivyo baada ya filamu kuvuma. Isitoshe, uzuri wa Gong-gil ndani ya filamu ni balaa: ndio unaomfanya auzwe, ndio unaomfanya mfalme amshikilie, ndio unaomgharimu Jangsaeng macho. Mtazamaji aliyekwenda kwa ajili ya uso alipewa kwa saa mbili hasara zinazompata mwenye uso huo.

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na inatoka upande wa walioumizwa na filamu hiyo. Wapo Wakorea, hasa wale ambao maisha yao yenyewe ndiyo yanayosimuliwa, wanaosema The King and the Clown iliwapa wengine burudani ya mapenzi yao bila kuyakiri. Mwaka 1997 filamu ya Kichina kutoka Hong Kong yenye wapenzi wawili wa kiume ilizuiwa Korea kabla ya kuruhusiwa mwaka uliofuata. Mwaka 2000 mwigizaji Hong Seok-cheon alijitangaza kuwa shoga akapoteza kazi zake za televisheni. Hadi 2004 kanuni za ulinzi wa vijana zilitaja ushoga miongoni mwa vigezo vya maudhui yenye madhara. Katika mazingira hayo, wanasema, filamu iliyoruhusiwa kwa watazamaji wa miaka 15 na kuendelea, na ambayo mtu angeweza kuitazama na mama yake na kusema ni habari za urafiki tu, ililipia kiingilio chake kwa ukimya. Sina jibu la kuwafuta machozi. Najua tu kwamba wanachokidai ni kinyume kabisa cha wanachokidai watetezi wa Jeongnyeon: wao wanasema filamu haikufika mbali vya kutosha, na kuitumia hoja yao kuhalalisha kurudi nyuma zaidi ya ilipofika ni kuwanyang'anya hata malalamiko yao.

Kuna jaribio la kusema kila kitu waziwazi, na linafaa kupimwa. Mwaka 2017 mwongozaji Bang Eun-jin alitoa Method, filamu ya dakika 82 kuhusu mwigizaji mkongwe wa jukwaani, Jae-ha, aliyechezwa na Park Sung-woong, na Young-woo, nyota wa muziki wa vijana anayepangiwa kucheza naye mchezo uitwao Unchain. Mazoezi yanawavuta wawili hao mpaka mkongwe huyo, ambaye ana mwanamke wa miaka mingi nyumbani, hajui tena nini ni nafasi na nini ni yeye. Hapa busu lipo na maneno yapo. Filamu ilioneshwa katika tamasha la Busan, ikapita kumbini bila kuvuma. Tatizo lake haliko katika uwazi. Liko katika dhana inayoibeba, ambayo watazamaji wengi wanayo pia: kwamba mwigizaji hupenda kwa sababu nafasi imempanda kichwani kama pepo, na onesho likiisha pepo anatoka. Kwa dhana hiyo jukwaa ni ugonjwa na mapenzi ni dalili. Nimeirudia Method nikitafuta zile saa za kazi ambazo Jangsaeng na Gong-gil wanazo, ile miaka ya kuanguka pamoja na kupanda tena, na sikuzipata. Kuna mvuto wa wiki chache na taa za mazoezini. Kwa hiyo mizani haipimi kusema dhidi ya kutosema. Kinachopimwa ni kama hadithi inajua mapenzi ya watu hawa yanatoka wapi.

Nikirudi kwa Jeongnyeon, ndipo hasara inapoonekana vizuri. Yeoseong gukgeuk ilianza 1948, wanawake waimbaji walipojitenga na vyama vilivyotawaliwa na wanaume wakaunda chama chao. Miaka michache baadaye vikundi vyake vilikuwa vinajaza kumbi, hata wakati wa Vita vya Korea, na Im Chun-aeng, mcheza nafasi za kiume, akawa jina kubwa nchi nzima. Walioketi ukumbini walikuwa wanawake kwa wingi. Waliwapenda wacheza nafasi za kiume kwa namna ambayo haiwezi kuitwa ushabiki wa kawaida: walitoroka nyumbani kufuata vikundi, waliandika barua kwa damu. Jo Geum-aeng, mmoja wa nyota hao, alipiga picha ya harusi na shabiki wa kike aliyemwomba, yeye akiwa bwana harusi. Picha hiyo ipo. Mapenzi hayo, yawe ya namna yoyote mtu atakavyoyaita, ndiyo yaliyonunua tiketi, mavazi na nauli za magari ya vikundi. Bila wasichana wale, sanaa hiyo isingekuwa na uchumi.

Sasa fikiria Buyong ni nani katika katuni. Ni mpenzi, ndiyo, lakini ni shabiki wa kwanza: ni ukumbi mzima uliowekwa ndani ya mtu mmoja. Tamthilia ilipomtoa ilidhani imeondoa kisa cha mapenzi ili kulinda habari za kazi, kumbe imeondoa sababu ya kazi hiyo kuwepo. Tumebaki na wasichana wenye vipaji wanaoshindana wao kwa wao, na watazamaji wanaopiga makofi kwa mbali bila sura. Hoja kwamba vipindi 12 ni vichache ni ya haki kwa mtu anayepanga ratiba; kila anayegeuza kazi ndefu kuwa fupi lazima akate. Lakini unapokata, unaonesha unachodhani kinaweza kukosekana.

Na tamthilia yenyewe haikuweza kuutii uamuzi wake. Jozi ya Ok-gyeong, mcheza nafasi za kiume, na Hye-rang, mcheza nafasi za kike, inaachana kwa uchungu ambao hauwezi kuelezwa na kuvunjika kwa mkataba. Joo-ran, msichana anayecheza mkabala na Jeongnyeon, analazimika kuacha jukwaa ili aolewe, na kuagana kwao, akimwambia kwamba mwana wa mfalme wake ni yeye, ni kati ya vipande vilivyozungumzwa sana. Waandaaji walimfungia Buyong mlango, nayo mapenzi yakarudi kupitia wahusika wengine, kwa sababu huwezi kuwaweka watu wawili wacheze mapenzi usiku hadi usiku, mmoja akiwa mwana wa mfalme na mwingine binti mfalme, halafu ukadai hakuna kinachobaki vazi likivuliwa. Ile asilimia 16 inayotajwa kama ushahidi wa kukata ilipatikana na tamthilia iliyokuwa imejaa kile kinachodaiwa kukatwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kukibeba wazi.

Athari zake haziishii kwenye burudani. Namsadang, vikundi vya wanaume, vimelindwa kwa sheria kwa zaidi ya miaka 60, pamoja na habari zao za kuishi kwa jozi zilizoandikwa na watafiti. Yeoseong gukgeuk haikuwahi kupewa hadhi hiyo ya urithi wa taifa. Sinema ilipovuma mwishoni mwa miaka ya 1950 vikundi vilianza kusambaratika, na kwa miongo mingi sanaa hii ilionwa kama upuuzi wa wasichana, usiostahili kuitwa jadi. Waliorudi kuitafuta, kama msanii Jung Eun-young aliyeanza mradi wake juu ya waigizaji hao mwaka 2008 na kuufikisha hadi banda la Korea kwenye maonesho ya Venice mwaka 2019, walivutwa na mambo yale yale yanayokatwa sasa: wanawake waliojifunza mwendo, sauti na mtazamo wa mwanaume mpaka vikawa vyao, na wanawake waliowapenda kwa ajili hiyo. Kwa watu wengi, wakiwemo sisi wa Afrika Mashariki tunaozipokea tamthilia za Kikorea bila kuijua katuni iliyotangulia, Jeongnyeon ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya sanaa hii, na huenda ikawa ya mwisho. Jo Geum-aeng alifariki 2012. Msichana aliyekuwa na miaka 20 akicheza mwaka 1955 sasa amefika 90. Waandaaji watakaofuata wana muda mfupi wa kuwauliza wale waliobaki walimpenda nani, kabla ya kuamua kwa niaba yao kwamba jambo hilo halikuwa na umuhimu.